Kompyuta ya Futuri Moja na Mlima wa Goma

Mwaka 2002 ulipoanza, mlima wa volkeno wa Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulikuwa na masikio mawili tu. Moja lilikuwa Katale, upande wa barabara ya Rutshuru. La pili lilikuwa Bulengo, kando ya Ziwa Kivu, magharibi ya mji wa Goma. Vilikuwa vipimatetemeko vya zamani: sindano, pipa linalozunguka polepole, na karatasi ambayo lazima mtu aende kuibandua kwa mkono, abandike nyingine, kisha aisome mistari yake kwa jicho. Vita vya miaka ya 1990 vilikuwa vimekula mengine yote. Kwa karatasi hizo, na kwa miguu yake iliyokwisha kupanda mara nyingi hadi ukingoni mwa shimo, mtaalamu wa volkeno Dieudonné Wafula alitambua kwamba mlima unajiandaa, akaonya. Waliomsikiliza walikuwa wachache.

Tarehe 17 Januari asubuhi ubavu wa kusini ulipasuka. Lava ilishuka hadi mjini, ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikabomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na kuuzika mtaa wa biashara. Takriban asilimia 13 ya mji ilipotea chini ya mawe, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila nyumba. Mtu akitembea Goma leo, anatembea juu ya makoro hayo, yaani mawe ya lava. Kuta zimejengwa kwayo, na chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, zikipita zimebeba viazi na makaa huruka juu yake.

Naianzia hapo historia ya kompyuta ndogo, ingawa kwa kawaida huanzia Taipei, California au Cambridge. Goma imeishika historia hiyo kwa ncha zote mbili. Udongo mweusi uliosaidia vifaa vya umeme kusinyaa ulipimwa kwenye mizani za mji huu kabla ya kwenda duniani, na kompyuta zilizosinyaa zilirudi huku, zikapandishwa mlimani, zikaachwa peke yao msituni ili zisikilize.

Tuanze na kusinyaa kwenyewe. Moyo wa kompyuta ni ubao mama, ule ambao fundi wa Goma aliyesoma kwa Kifaransa huuita carte mère. Hapo ndipo prosesa, kumbukumbu na matundu yote hukutana. Mwaka 1984 ubao wa kompyuta ya IBM iliyoitwa AT ulikuwa na upana wa sentimita 30 na urefu wa 35. Mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo cha ATX, milimita 305 kwa 244, na kikawa ndicho kipimo cha makasha mengi ya mezani duniani. Wazee wetu waliopima mbao na nguo kwa mkono wangesema shubiri na ushei kila upande. Ubao wa namna hiyo ulidai kasha kubwa, feni, na soketi ya umeme usiokatika.

Lakini kulikuwa na kompyuta nyingine ambazo hazikuwa na meza. Zilikaa ndani ya mashine za kiwandani, vyombo vya hospitali, mabehewa ya treni na maboya ya baharini. Hazina kioo wala kibodi. Zimepachikwa ndani ya chombo kingine, zinafanya kazi moja usiku na mchana, na mwenye chombo huenda hajui kabisa kwamba zimo. Kwa ajili ya hizo, kampuni ya Ampro ya California ilibuni mwaka 1987 ubao wa sentimita 9 kwa 9.6, na mwaka 1992 makampuni kadhaa yakaungana kuufanya kipimo cha wote. Waliuita PC/104, kwa sababu ya vijiti 104 vya kuunganishia vinavyopenya kutoka ubao mmoja hadi mwingine, ukapangwa juu ya mwenzake kama sahani kabatini. Ulikuwa mgumu, haukuogopa mtikisiko, na ulikuwa ghali. Wenye kuununua walikuwa majeshi, viwanda na maabara zenye fedha.

Iliyoushusha udogo huo hadi kwa watu wa kawaida ilikuwa kampuni ya VIA ya Taiwan. Mwaka 2001 ilitangaza ubao wa mraba wa sentimita 17 kwa 17, ikauita Mini-ITX. Nyoosha mkono wako, tanua kidole gumba na kidole cha shahada: umbali kati ya ncha hizo mbili ndio futuri, na futuri ya mtu mzima ni kama sentimita hizo hizo. Prosesa za VIA zilikuwa za polepole zikilinganishwa na za Intel, na waliozidharau walikuwa wengi. Ila zilikuwa baridi. Ubao mmojawapo wa mwanzo katika jamii ya EPIA uliweza kufanya kazi bila feni yoyote. Baadaye VIA ikaendelea kupunguza: Nano-ITX ya sentimita 12 kwa 12 ilitangazwa mwaka 2003, Pico-ITX ya sentimita 10 kwa 7.2 ikafuata 2007, ikienea kwenye kiganja, na mwisho wa 2009 ikaja Mobile-ITX ya sentimita 6 kwa 6.

Nadhani wanaosimulia habari hii huzisifu mno sentimita. Katika milima ya Virunga, Nyiragongo ukiwemo, hakuna anayekosa nafasi ya kuweka kasha. Kinachokosekana ni umeme, na thamani ya ubao mdogo iko kwenye wati zake. Tupige hesabu. Kompyuta ya kawaida ya mezani inayokula wati 100 itamaliza betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 60 kwa muda wa saa saba hivi. Ubao unaokula wati 3 ungekaa na betri hiyo hiyo siku kumi, na hata kama mwenye betri ana busara na hataki kuimaliza zaidi ya nusu, bado ana siku tano. Siku tano ndizo zinazohitajika huko juu, maana ukungu wa Nyiragongo unaweza kuficha jua asubuhi hadi jioni, na kesho tena. Halafu fikiria feni. Feni huvuta hewa, na hewa ya mlima huu imebeba vumbi la majivu na moshi wa salfa, ambao mvua huugeuza kuwa asidi. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira ni miongoni mwa milima inayotoa moshi wa salfa kwa wingi zaidi duniani. Kompyuta isiyohitaji feni inaweza kufungwa kabisa ndani ya sanduku, isipumue hewa hiyo.

Sasa turudi kwenye udongo.

Prosesa hainywi umeme kwa mkondo ulionyooka. Hunywa kwa mafunda, sasa hivi kidogo, kufumba na kufumbua nyingi. Umeme unaotoka kwenye chanzo hauwezi kuikimbilia kwa kasi hiyo. Kwa hiyo kando yake huwekwa kapasita, akiba ndogo ya karibu, kama bidoni za maji ambazo kila nyumba ya Goma huzipanga mlangoni kwa sababu bomba halina ahadi. Prosesa ikishtuka na kiu, inachota kwenye bidoni, na chanzo kinaijaza polepole baadaye. Kapasita za zamani zilikuwa za aluminiamu, vikopo vyenye maji ya kemikali ndani. Ni kubwa, na huzeeka. Fundi yeyote aliyefungua kompyuta za miaka ya mwanzo ya 2000 anavikumbuka vikopo vilivyovimba vichwa na kutapika uji wa kahawia.

Tantali ilileta njia nyingine. Metali hii iligunduliwa na Msweden Anders Gustaf Ekeberg mwaka 1802, na huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 3,000. Ukiisaga iwe unga, ukaushindilia na kuuoka, unapata kidonge chenye vitundu visivyohesabika kama sifongo. Kisha unakipa kila kitundu ngozi ya oksidi, nyembamba kuliko tunavyoweza kufikiri. Umeme huhifadhiwa pande mbili za ngozi hiyo, na kwa kuwa sifongo lina uso mkubwa uliokunjwa ndani yake, akiba iliyohitaji kikopo sasa inaingia kwenye kipande kidogo kama punje ya mchele. Maabara ya Bell nchini Marekani iliijenga njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kampuni ya Sprague ikaipeleka sokoni. Kutoka hapo tantali ikaingia kwenye ndege, vifaa vya kusaidia masikio na moyo, kisha simu na kompyuta.

Nisizidishe. Kapasita za kauri nazo zimekuwa ndogo sana na zimechukua sehemu nyingi ambazo zamani zilikuwa za tantali, na zipo mbao ndogo zisizo na hata punje moja yake. Lakini kwenye kazi ambayo kapasita inatakiwa kuwa ndogo, tulivu na ya kudumu miaka, tantali imeshikilia nafasi yake. Na tantali nyingi ya dunia hutoka kwenye koltani, na machimbo makubwa ya koltani yako Masisi, mwendo wa saa chache magharibi ya Goma.

Mwaka 2000 dunia ilikimbilia simu za mkononi na vifaa vya michezo, na wanunuzi wakaingiwa na hofu kwamba tantali itakwisha. Bei ikaruka kutoka chini ya dola 50 kwa ratili hadi zaidi ya dola 200. Goma wakati huo ilitawaliwa na RCD, waasi waliosaidiwa na Rwanda. Vijana waliacha mashamba na mifugo wakaingia mashimoni kwa koleo na karai, wakiosha mchanga mtoni. Wafanyabiashara waliwafuata huko huko, wakanunua kwa kilo, wakauleta mzigo mjini kwa mgongo, kwa gari au kwa ndege. Novemba 2000 RCD ikalipa shirika moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kusafirisha koltani. Haki hiyo haikudumu nusu mwaka. Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walichapisha ripoti iliyoonyesha jinsi madini yalivyolisha vita, na mwaka huo huo bei ikaporomoka ghafla kama ilivyopanda.

Angalia jinsi miaka inavyofuatana. Kilele cha koltani ni mwishoni mwa 2000. Ubao wa futuri moja unatangazwa 2001. Lava inaingia Goma Januari 2002. Mambo haya matatu hayakusababishana, na sitaki msomaji adhani hivyo. Ila yaliupata mji mmoja ndani ya miezi kama kumi na mitano: mtaa uliokuwa na mizani za koltani, katika dunia iliyokuwa ikijifunza kutengeneza kompyuta ndogo, ulizikwa na mlima ambao hakuna kompyuta iliyokuwa ikiusikiliza.

Habari ya koltani iliyofuata inajulikana zaidi na ni chungu zaidi. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Septemba Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wote Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ukafunguliwa tena Machi 2011, lakini wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, na familia zilizokula kwa karai zilikaa njaa kwa jambo lililokusudiwa kuwasaidia. Zikaja lebo za kufunga kwenye magunia ili kila kilo ijulikane imetoka shimo gani. Januari 2014 Intel ikatangaza kwamba prosesa zake mpya hazina madini ya vita. Kisha, mwishoni mwa Aprili 2024, waasi wa M23 wakaiteka Rubaya, mji wa machimbo ambao Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wataalamu wake wakahesabu kwamba ushuru wa huko ulikuwa unawaingizia waasi kama dola 800,000 kwa mwezi. Mwisho wa Januari 2025 M23 ikaingia Goma yenyewe. Mchimbaji wa Rubaya bado anachimba kwa koleo na nguvu za mgongo wake, kama mwaka 2000.

Wakati udongo ukienda, vifaa vilianza kurudi. Baada ya 2002, kituo cha kuchunguza volkeno cha Goma, kinachojulikana kwa herufi za OVG, kilisaidiwa na wageni kutoka nchi nyingi kubadilisha pipa na karatasi kwa vipimo vya kidijitali. Hatua kubwa ilianza mwaka 2012 na 2013. OVG, pamoja na kituo cha jiodinamiki cha Luxembourg, makumbusho ya Tervuren ya Ubelgiji na washirika wengine, walianza kujenga mtandao wa vipimatetemeko walioupa jina KivuSNet. Ukawa na vituo zaidi ya kumi kuzunguka Virunga na Ziwa Kivu, na pembeni yake ukawekwa mtandao wa kupima kwa setilaiti kama ardhi inavimba au kutanuka.

Kituo cha namna hii ni kitu cha unyenyekevu mkubwa. Kihisio kimefukiwa ardhini. Kando yake kuna sanduku, na ndani ya sanduku kuna kompyuta ndogo isiyo na kioo, ambayo hubadilisha mtikisiko kuwa tarakimu, huipa kila tarakimu saa yake sahihi kutoka setilaiti, huiandika na kuituma. Juu kuna paneli ya sola, chini kuna betri. Hakuna zaidi. Kila kilichosemwa hapo juu juu ya wati na feni kinakutana ndani ya sanduku hilo.

Tarehe 29 Februari mwaka huo wa 2012, huko Uingereza, Eben Upton na wenzake walianza kuuza Raspberry Pi: kompyuta nzima yenye ukubwa wa kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 56, kwa dola 35. Walikuwa na shabaha ya kuwafundisha watoto programu. Ubao wa kwanza, kwa wanaopenda kuangalia vitu kwa karibu, ulikuwa na kapasita moja ya aluminiamu ya rangi ya fedha iliyosimama karibu na tundu la umeme, rahisi kung'oka kwa kidole kizembe. Novemba 2015 ikaja Raspberry Pi Zero, milimita 65 kwa 30, dola 5. Mwaka 2016 kampuni moja ya Panama ikafunga kihisio cha tetemeko juu ya Raspberry na kukiita Raspberry Shake, na ghafla kipimatetemeko kikawa kitu ambacho mwalimu au mwenye hoteli anaweza kukiweka sebuleni. Haiti wamefanya hivyo hasa. Tetemeko kubwa la Agosti 2021 lilipopiga, wanasayansi walilisoma kwa msaada wa vifaa hivyo vilivyokuwa majumbani mwa wananchi. Naamini Goma, yenye shule, parokia na mafundi hodari wa mtaa wa Birere, ni mji uliozaliwa kwa ajili ya mpango kama huo.

Kwa maana mtandao wa mlima una adui zake, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye ubao mdogo unaweza kumshinda. Paneli na betri huibiwa, kwa sababu nyumba iliyo karibu na kituo mara nyingi haina taa. Barabara za kwenda vituoni hufungwa na vita. Na data inahitaji njia ya kufika. Mwaka 2020 mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa ukikisaidia kituo cha OVG ulimalizika, na kuanzia Oktoba hapakuwa na fedha za kulipia intaneti. Kwa miezi kama saba vituo vya mbali havikuweza kutuma vilichosikia. Vihisio vilikuwa vizima na tarakimu zilikuwepo, ila chumba cha wachunguzi mjini hakikuziona. Njia ilifunguliwa tena Aprili 2021.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jua likizama, mlima ulipasuka.

Wengi waliuliza, na kwa haki, kama intaneti isingekatika mji ungeonywa mapema. Uchunguzi uliochapishwa mwaka uliofuata ulitoa jibu gumu: dalili za wazi zilionekana takriban dakika 40 tu kabla ya lava kutoka, kwa sababu mlima ulijipasua wenyewe, magma ikiwa tayari iko karibu na uso wa ardhi. Lava ilishuka usiku, ikateketeza vijiji vya kaskazini, ikasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Kazi kubwa ya zile kompyuta ilianza lava iliposimama. Ardhi haikutulia. Mamia ya mitetemeko yalifuata, lami ikapasuka mitaani, kuta zikaanguka. Tarakimu zilizotoka kwenye masanduku, pamoja na picha za setilaiti, zilionyesha kwamba magma ilikuwa imesafiri chini kwa chini kuelekea kusini, imepita chini ya mji wa Goma na kuingia chini ya ziwa lenye gesi nyingi iliyoyeyuka. Hakuna mtu aliyeweza kuliona hilo kwa macho, na karatasi mbili za Katale na Bulengo zisingetosha kulichora.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Watu kama laki nne walitoka: kwa miguu hadi Sake, kwa boti hadi Bukavu, wengine wakavuka mpaka kuingia Gisenyi, magodoro juu ya chukudu, watoto mgongoni. Kuanzia tarehe 7 Juni serikali iliwaruhusu kurudi kidogo kidogo. Katika siku hizo kumi na moja, maduka ya Birere yamefungwa na barabara ziko wazi kama Jumapili isiyoisha, masanduku yaliyokuwa bado yana betri yaliendelea kuhesabu kila tetemeko lililopita chini ya mji mtupu, na kulipatia kila moja saa yake.